Sikio la Kulia

Kila tamasha la roki la watoto, yule fundi wa kuchomelea vyuma hufika mapema, binti yake wa miaka mitano kamkalisha begani kushoto. Vifunika masikio alivyomvalisha mtoto ni vya karakana, vikubwa mno, kwa hiyo amevijazia soksi, na gitaa halijalia bado keshavikagua mara tatu kwa vidole vyenye makovu ya cheche. "Vinabana?" "Havibani, baba." "Una hakika?" "Baba, wee!" Yeye mwenyewe fundi havai kitu masikioni. Ujana wake wote alisaga vyuma masikio wazi, akijitia dume. Sasa la kushoto limekufa, na la kulia linasikia kwa kubembelezwa. Ngoma zikipigwa huzisikia kifuani, akatikisa kichwa, meno yote nje.

Leo ukaja wimbo wa taratibu. Fundi akaendelea kutikisa kichwa kwa kukisia tu. Binti akamtazama, kisha akajiburuta juu ya kichwa cha baba mpaka bega la kulia, akamwinamia sikioni. "Wanaimba polepole, baba. Tulia nikuimbie." Kwa kuwa naye alikuwa kazibwa masikio, alipayuka mpaka watu wa mbele wakageuka. Fundi akafumba macho, asipitwe hata na neno moja.