Sauti ya Shemeji Kamau

Hapana, huyo simuigi. Mtaniomba mpaka mchoke. Padri nitawaigia, hata yule mama wa sokoni anayeita wateja kama anafukuza kuku. Lakini shemeji Kamau, hapana.

Zamani nilikuwa namuiga kila siku. Alikuwa seremala, Mkikuyu, ameoa mdogo wangu Wakesho, wanakaa Kaloleni hapa Voi. Nikiteremka na mboga kutoka Bura nampata nje anapiga randa mabenchi ya kanisa. L haikukaa kwa ulimi wake hata kidogo.

"Shemeji, reo umereta kabeji?"

"Nimereta, na viazi ni virevire vya jana!"

Anacheka mpaka randa inamponyoka.

Siku moja tuko hapo tunacheka, Wakesho akarudi kutoka dukani mbio, kikapu kitupu. Wakikuyu wa reli wamepakiwa kwa lori, wote, sababu ya Mau Mau. Wanapelekwa kambini. Hakuna aliyeulizwa amefanya nini.

Kamau akafukia kipande chake, kile cheti cha serikali chenye kabila lake, chini ya maranda. Tukampa jina la kwetu, Mwakio. Lakini ule ulimi! Askari walikuwa wanasikiliza ulimi kwanza. Nikasema tuanze na Baba Yetu, imejaa L kama uji wa mawe.

Kila asubuhi tunapiga magoti, sisi watatu.

"Ulimi juu, gusa meno. Uliye."

"Uriye."

"Uliye, shemeji, utatuua!"

Wakesho akaniuliza, "Dada, hapa si tunamdanganya Mungu?"

"Mungu anajua ni Mkikuyu, alimuumba mwenyewe. Asiyejua ni askari."

Wiki ya tatu akaipata. Akaanza kuomba hata akipiga randa, polepole, neno kwa neno. Akaniambia zamani alikuwa anaikimbiza tu ile sala, sasa ndiyo anaisikia. Wakesho akaanza kula tena.

Walikuja saa sita mchana. Watatu, na bunduki.

"Kipande?"

"Kiko kwa bwana wa mkonge, afande." Hiyo nilimfundisha mimi. Haina L hata moja.

"Kabila?"

"Mtaita."

"Mkristo?"

"Ndiyo."

"Omba Baba Yetu tusikie."

Wakesho akashika mlango.

Kamau akafumba macho. Uliye. Litukuzwe. Ufalme. Kila L ilikaa mahali pake.

Askari mkubwa akavua kofia. "Amina," akasema.

Wakageuka.

Sasa Kamau alikuwa mtu wa adabu, hiyo ndiyo shida. Akawaambia, na kwa moyo wake wote, "Mungu awarinde."

Yule wa nyuma akasimama. "Atufanye nini?"

Nilimfundisha kuomba. Kuaga sikumfundisha.

Mwaka haukuisha, tukaletewa habari. Homa ya tumbo, huko huko kambini. Maiti hatukupewa.

Wakesho akalala, akageukia ukuta. Niliacha shamba langu Bura nikaja kukaa naye. Nampikia uji, unapoa. Napiga magoti kando ya kitanda, naomba peke yangu, haitikii hata amina. Siku ya tatu asubuhi nikawaza, huyu anachotaka ni kimoja tu, na mimi ninacho hapa kooni.

Nikafumba macho. Sikutumia ile sauti ya kufundishwa. Nilichukua yake mwenyewe.

"Baba yetu uriye mbinguni, jina rako ritukuzwe..."

Alikuwa yeye, chumbani humo humo. Wakesho akageuka kutoka ukutani, akainua kichwa. Mimi nikajua nimemsaidia, nikaendelea mpaka ufarme.

Alipona, tumezeeka wote wawili. Jumapili tunakaa benchi moja, lile la Kamau, lakini kupiga magoti nyumbani pamoja hatujarudia. Maana asubuhi ile alinitazama, macho makavu, akasema:

"Dada, mume wangu amekufa, na wewe bado unacheza."