Koti ya Marehemu Kwenye Cheni

Sweta iliyolala karibu na moto wa kuni inanuka moshi, maziwa na mbwa, hata kama nyumba yenyewe haina mbwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Kitale. Nilipelekwa huko mwezi wa saba nikiwa darasa la sita, kutoka kwetu Sirisia, upande wa Bungoma, mahali baridi ni kitu tulikuwa tunasikia tu kwa redio. Nilienda kukaa na senge, yaani dada ya baba yangu. Bwana yake alikuwa amekufa mwaka uliopita, akamwachia ng'ombe watatu na baiskeli moja nyeusi isiyokuwa na mtu wa kuipanda. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata hizo mbili sikumaliza. Nilipewa baiskeli na mtungi wa maziwa, nikaambiwa lori ya maziwa inasimama pale barabarani saa moja asubuhi na haingoji mtu, hata awe padri. Senge akaongeza pole pole kwamba siku maziwa itarudi nyumbani, na mimi nitarudi Sirisia. Sasa ningerudi aje? Nilikuwa nimewaaga ndugu zangu kwa maringo mengi, nimewaambia mimi ni mtu wa Kitale na wakinitaka waandike barua.

Wiki ya kwanza nilivaa vile nilijua, shati na kaptula. Baridi ya asubuhi inashuka kutoka Mlima Elgon, inaingilia kwa kola, inatembea mgongoni kama mtu anatafuta funguo. Vidole vilikataa kukamata breki. Jirani yetu Baba Njoroge, mzee ambaye wazazi wake walikuja kutoka upande wa Nyeri kutafuta shamba, alinikuta nikitetemeka hata kengele ya baiskeli inalia yenyewe. Akanieleza kwamba baridi ya baiskeli haivaliwi kama ya kukaa. Ndani unavaa fulana ya kunywa jasho, juu yake sweta, halafu unachukua ile nailoni ya ndani ya gunia la mbolea, unatoboa mahali pa kichwa na mikono, inazuia upepo. Tatu, basi. Ukipanda kilima unafungua shingo, ukishuka unafunga. Mimi nikaona, kama tatu inasaidia, saba itasaidia zaidi. Walimu walionivumilia hadi form two watakuambia hesabu yangu haikuwahi kubadilika.

Jumatatu nikavaa fulana mbili, mashati mawili, sweta ya shule, sweta ya Senge ya kanisa yenye maua, na nailoni juu. Shingo ikabaki wazi. Hapo ndipo macho yangu yalienda kwa koti ndefu nyuma ya mlango. Ilikuwa ya marehemu. Kwetu nguo za mtu aliyekufa haziguswi mpaka ukoo wake ukae na ugawe, na ukoo wa bwana ya Senge ulikuwa bado haujapata siku ya kukaa. Tena mimi nilikuwa mtoto wa upande wa mke. Hata wangegawa mpaka soksi, jina langu halingeitwa. Senge alikuwa amenionyesha hiyo koti siku ya kwanza, kusudi nijue kitu cha kutogusa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikaivaa, ikafika kwa visigino.

Kupanda kilima, viwiko vilikataa kukunjika na jasho ikanitiririka kama mtu anapalilia mahindi saa saba. Kushuka, hiyo jasho yote ikageuka barafu. Nikainama kukwepa upepo, na mkia wa koti ukaingia kwa cheni. Nililala kwa mtaro chali kama kobe, mtungi bado umefungwa kwa keria na mpira wa tyubu. Baba Njoroge, aliyekuwa ametangulia kwa miguu kupeleka maziwa yake, alikuwa anarudi. Akatoa kisu.

"Ngoja nikate hii kitu uende."

"Kata mguu, Baba Njoroge," nikamwambia. "Koti iko na wenyewe."

Alianza kucheka, halafu akaitambua hiyo koti, akaacha. Kule barabarani lori ikapiga honi ya kuondoka. Akaniambia nichague, lori ama koti. Nikafikiria Sirisia, nikawaona ndugu zangu wamepanga mstari wakinipokea. Ndipo ikanijia kwamba mtu wa nguo nane anaweza kuacha moja. Nikafungua vifungo, nikatoka ndani ya koti kama mahindi inatoka kwa maganda, nikatoa mtungi kwa keria, nikauweka kichwani na kukimbia, nailoni ikipiga kelele. Turnboy wa lori alicheka maua ya sweta yanayoonekana ndani ya nailoni mpaka akashikilia mlango, lakini maziwa alichukua.

Nilirudi nikamkuta mzee amezungusha pedeli kinyumenyume hadi koti ikatoka, imetafunwa na imejaa grisi. Nikaipeleka kwa Senge kwa mikono miwili.

"Maziwa imefika?"

"Imefika, Senge."

Akachukua makasi, akakata chini ya mifuko, akapunguza mikono pia, na jioni mbili akakaa akishona pindo. "Sasa haimtoshi mtu mzima," akasema. "Wakija wataona wenyewe." Walikuja Disemba. Shemeji yake mkubwa aliijaribu, ikakataa mabegani, akasema hii ni ya mtoto. Basi wakanipa mbele ya ukoo mzima, ingawa kwanza ilibidi waulize ninaitwa nani.

Siku hizi nauza makoti ya mtumba hapa Kitale. Vijana wa boda wanakuja saa kumi na mbili asubuhi wamevaa fulana ya mpira, nawaambia wavae tatu, wananunua moja na kuondoka wakitetemeka. Hakuna anayeuliza koti ilikuwa ya nani. Wanauliza kama zipu inafunga. Na mimi kila nikifungua belo najua kuna watu humo walishakufa, kwa maana hakuna mtu mwenye akili anaachilia koti nzuri hivyo kwa hiari yake, na hakuna ukoo ulikaa. Kwa hivyo nazishika mabegani moja moja, naomba ruhusa kimoyomoyo, halafu natundika haraka kabla mteja hajadhani ninasali.