Pumzi ya Kwanza ya Transfoma

Nakumbuka siku moja ya Ramadhani, mwanangu, jua limeghadhibika hata mawe ya Mji Mkongwe yanatoka jasho. Nilikuwa kijana, cheti changu cha skuli ya usiku hakijakauka wino, na kichwa kimenivimba hata nikipita vichochoroni nageuka ubavu.

Sisi mafundi wa umeme tuliitwa kiwanda cha barafu cha Bi Salma, nyuma ya Michenzani. Alifungiwa transfoma mpya, na kila tukiiwasha inanguruma nguuu! kisha swichi ya kinga, ile inayojiangusha umeme ukizidi, inaanguka papo hapo. Ndani samaki wa watu wameanza kulegea. Nje wachuuzi wamejaa, wanataka barafu kabla ya magharibi.

Bi Salma alishaweka kitezo cha udi mbele ya transfoma. "Hii ina shetani! Irudisheni ilikotoka!"

Mwenzetu Makame akaja na kipande cha waya mnene. "Tuifunge hii swichi isianguke, yakheee. Ikikosa pa kuangukia itakaa."

Nami, msomi, nikaitikia: "Lete koleo!"

Hapo Maalim Haji, aliyenisomesha skuli ya usiku na ndiye msimamizi wetu wa kazi, akanishika mkono. "Wewe umesoma usiku, na mchana pia huoni?" Wachuuzi wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Swichi hii ndiyo mlinzi. Ukimfunga kamba, mwizi akija nani atapiga ukelele? Kama ndani mna hitilafu ya kweli, mafuta yatawaka, na sisi tumo humu humu. Kaa kitako uhesabu."

Kuhesabu, na Bi Salma analia! Lakini wazee walisema kawia ufike. Kwanza tukapima kama umeme unavuja ndani ya transfoma, tukaikuta nzima. Kisha Maalim akatoa chaki, akachora sakafuni. Ikibeba mzigo wake wote, transfoma ile ilivuta ampea ishirini na sita.

"Sasa ikiamshwa," akasema, "chuma chake hukurupuka, kikavuta umeme kwa pumzi moja kubwa, halafu kikatulia. Kisia, mara ngapi ya huo wa kawaida?"

"Mara mbili, Maalim?"

"Mbili! Wewe ukifuturu, tonge lako la kwanza ni sawa na la mwisho? Kisia mara kumi, hata kumi na mbili."

Tukazidisha, hesabu ikafika ampea mia tatu na ushei. Na swichi imewekwa ianguke kwenye mia na hamsini! Shetani wa Bi Salma alikuwa hesabu ambayo hakuna aliyeifanya.

"Hitilafu ya kweli huja kwa maelfu, wala haipoi," Maalim akasema. Basi tukaipandisha kinga juu kidogo ya pumzi ile, si zaidi, kisha akaniamuru niwashe mimi.

Nikapiga bismillahi. Ilinguruma, wallahi, nasadiki popo wa pango la Mangapwani walitoka mchana kweupe. Sindano ya kipimo ikaruka. Nikafumba macho. Kisha ngurumo ikashuka taratibu, ikawa mvumo wa nyuki, na swichi imesimama wima kama imamu. Bi Salma akapiga kigelegele cha kupasua mabati. Kabla ya adhana wachuuzi walikuwa wanagombania barafu, na Makame anautumia waya wake kufungia magunia.

Nyinyi wa leo, simu zenu huitoa hesabu ile kabla hamjapiga chafya. Vyema sana. Lakini simu haikushiki mkono wakati watu wanakupigia kelele.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu: kitu kizito kikisie pumzi yake ya kwanza kabla hujakiwasha. Usikihukumu kwa kishindo cha mwanzo, kwani vingi vizima huanza kwa kishindo. Lakini pia usiseme tu "kitatulia". Pima kwanza ujue ni kizima. Na mlinzi asiyekuachia njia usimfunge kamba. Muulize anaogopa nini.

Mola akupe mkono mtulivu na jicho la kuona mchana, akukinge na moto wa dunia na wa akhera, na kila utakachokiwasha kikae. Amin.