Siku Tabora Ilipopata Bahari

Jamani, nichekeni sasa hivi tumalizane, maana pale Chemchem, mtaani kwetu Tabora, walishanicheka mpaka wakachoka, na hadi leo kuna muuza karanga akiniona ananiuliza kama upepo wa baharini haujanitia mafua.

Mimi nina kibanda cha gemu, runinga tatu na mabenchi (moja linachana suruali, wateja wanalijua), na shida yangu kubwa ilikuwa baba mkwe, Mzee Kasanda, mwalimu mstaafu wa historia na mzee wa kanisa, mwenye fremu nzuri ya duka kule Gongoni iliyokaa tupu. Mke wangu Agnes alimwomba atuachie tuhamishie kazi, akajibu kwamba nyumba yake haiwezi kuwa pango la watoro wa shule. Nikiwa katika kuhangaika huko nikakutana na tangazo mtandaoni, gemu mpya ya misafara ya zamani, kutoka pwani mpaka Ujiji kwa kupitia Tabora! Sauti nzito inasema: "Tembea Tabora ya kweli. Zungumza na kila mtu kwa lugha yake. Kila uamuzi wako utabadili historia." Nywele zilinisimama. Mwalimu wa historia ndiye huyu, historia ndiyo hii, nikaona fremu nimeshaipata.

Sasa kosa langu dogo ni kwamba sikungoja kuicheza kwanza. (Ungengoja wewe? Tangazo lilikuwa na tembo!) Nikakodi bajaji yenye spika, nikashika kipaza sauti mwenyewe, nikazunguka Chemchem na Gongoni nikinadi, "Jumamosi asubuhi, njooni muwaone babu zenu wakitembea!" na nilipofika mbele ya nyumba ya mkwe nikaongeza sauti.

Akaja kweli, kavaa koti, kaongozana na mzee mwenzake, kibanda kimejaa mpaka mlangoni. Nikamkalisha benchi la mbele (siyo lile).

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Haya, tuoneshe hao babu zetu."

Muziki ulikuwa mtamu, hilo sikatai. Kisha likatokea neno TABORA kwa herufi kubwa, na nyuma yake ikatokea bahari, bahari kabisa, mawimbi yanapiga, minazi imeinama, na mtu anavua papa. Yule mzee mwenzake akasema taratibu, "Kumbe ule mradi wa kutuletea maji Tabora umefanikiwa."

Nikacheka kuliko wote, nikasema tusonge, wapagazi wako mbele. Walikuwepo, ila wote sura moja kama mapacha, mmoja pembe ya ndovu imemwingia tumboni ikatokea mgongoni naye anatabasamu, mwingine anatembea kiwiliwili na kichwa kinamfuata kwa nyuma. Nikawahi kumpa mkwe kipaza sauti cha gemu, "Baba, msalimie Kinyamwezi, anasikia." Mzee akakohoa, akajiweka sawa, "Mwangaluka!" Mpagazi akamgeukia, "Jambo! Jambo!" Mzee akarudia kwa upole wa kiualimu, akajibiwa, "Jambo! Jambo!" akamuuliza yeye ni mtoto wa nani, akajibiwa, "Jambo! Jambo!" akatokea simba akaanza kumla, na huku analiwa, "Jambo! Jambo!"

"Huyu," mzee akasema, "wamemtoa hotelini."

Kibanda kikaangua kicheko. Mtu mwenye akili hapo angekiri kwamba kauziwa mbuzi kwenye gunia. Mimi nikaapa kwamba utamu uko kwenye maamuzi, nikabonyeza mpaka tukafika mahali wapagazi wamefungwa minyororo, gemu inauliza, uwafungue au uwaache?

"Wafungue," mzee akasema hapohapo. Nikabonyeza. Minyororo ikabaki vilevile, na maandishi ya dhahabu yakatokea: HONGERA, UMEWAUZA WOTE.

"Rudia." Nikarudia. Hongera ileile.

Mzee Kasanda hakucheka. "Bibi yake baba yangu alipitishwa njia hii na kamba shingoni," akasema. "Nimevaa koti kuja kumwona anauzwa kwa muziki."

Jamani, nikaona aibu ya kweli, siyo ile ya bahari, na badala ya kuomba radhi kama mtu mzima nikapeleka mguu chini ya meza nikachomoa waya kwa kidole gumba, nikapaza sauti, "Aa, umeme umekatika!" Runinga mbili za pembeni zinawaka. Feni inazunguka. Jirani kinyozi mashine yake inanguruma.

Mzee akatazama feni, akatazama mguu wangu. "Mkwe, umeme wa Chemchem siku hizi unachagua runinga?"

Akatoka, na kibanda kizima kikatoka nyuma yake kikiimba "Jambo! Jambo!" kwa sauti ya yule mpagazi akiliwa na simba.

Fremu ikaenda kwa muuza asali. Nami niliwaandikia waliotengeneza ile gemu, nikawaeleza kwamba Tabora haina bahari, wakajibu kwamba wamesikia kilio cha wateja wao, wameongeza samaki.

Kesho yake baada ya onesho lile nilikwenda kwa mkwe peke yangu, nikaomba radhi kwanza kwa ajili ya bibi, kisha kwa ajili ya waya. Akanisogezea kiti. "La bibi tumemaliza," akasema. "La waya bado, hilo umelifanya kwa mguu wako mwenyewe."

Basi nimeapa, gemu yoyote ikija, hata ikiwa na tembo mia, naicheza kwanza mpaka mwisho nikiwa nimejifungia mlango, ndipo nifungue mdomo. Spika ya bajaji sishiki tena, labda kutangaza msiba.