Tulivyomwomba Rogath kwa Isale

Rogath alikuwa beki wa kati wa chuo chetu cha ualimu mjini Moshi, mwaka 1994. Tulimwita Nyundo. Mpira wa ngozi ukilowa mvua ya Aprili huwa mzito kama jiwe, na kila jioni Mwalimu Sifael, mwalimu wetu wa michezo, alimrushia mipira arobaini, naye akairudisha yote kwa kichwa. Baadaye alitapika nyuma ya choo. Mara mbili alianguka mazoezini, akainuka hajui bweni liko upande gani. Sisi tukacheka: "Nyundo kalewa mbege ya kunusa!"

Na kichwa hicho hicho ndicho kilichotufundisha hesabu sisi wagumu. Angekuwa mwalimu wa kwanza katika ukoo wao wa kijijini Kilema, juu mlimani. Mama yake, Mektrida, mjane, hakuwa na mtoto mwingine.

Mwezi Mei alianguka mara ya tatu, akazimia. Daktari akasema asicheze tena mwaka ule, maana ubongo uliotikisika ukitikiswa tena kabla ya kupona, huharibika moja kwa moja. Mektrida akaja kumchukua. "Mtihani atakuja kufanya," alisema. "Mpira, basi."

Fainali ya vyuo ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Nahodha nilikuwa mimi, na wazo la isale lilikuwa langu. Kwetu Uchaggani, ukilifunga fundo jani hilo ukampelekea uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha.

Tulipanda Kilema wawili, mimi na Mwalimu, tumevaa suti nyeusi.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Mbona mmevaa hivyo, kuna msiba?"

Mwalimu alipiga magoti, akanyoosha isale. Akaungama kwamba tulimficha habari za kuanguka kule mara mbili. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, akamwomba Rogath kwa dakika tisini tu.

Majirani walikwisha kusogea. Mektrida alilitazama lile jani.

"Mnaomba msamaha au mnaomba mtoto?"

"Vyote, mama."

"Mwalimu mzima! Isale hufuta kosa lililopita. Wewe unaliombea linalokuja?"

Rogath alikuwa mlangoni, anacheka. "Mama, ni mechi moja tu. Watakuita mama wa bingwa."

"Nyamaza wewe."

Kisha Mektrida akalipokea lile jani. Kulirudisha mbele ya watu hakuweza.

Jumamosi kwenye fainali, dakika ya sitini, Rogath aliruka kuokoa kona, kichwa chake kikagongana na cha mshambuliaji wao. Ulisikika mlio kama wa mgomba unapokatwa. Aliinuka, akacheza mpaka mwisho, tukashinda. Tukiwa tumembeba mabegani, aliniuliza mimi ni nani.

Wiki tatu baadaye aliketi kwenye mtihani wa hesabu. Muda ulipoisha, karatasi yake ilikuwa na jina tu, tena la baba yake marehemu.

Chuo kilichojengwa kukuza vichwa vya watu kilivunja kimoja ili kipate kombe la bati. Niliandika barua kwa mkuu wa chuo, nikaandika kwa chama cha michezo cha vyuo, nikaandika gazetini. Sikujibiwa hata mstari. Mwalimu Sifael alipandishwa cheo. Mipira arobaini bado inarushwa kila jioni.

Miaka saba imepita. Mwezi uliopita nilipanda tena Kilema. Rogath alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mate yanamtoka, macho ameyafumba kwa sababu mwanga humuumiza. Mektrida alikuwa na wembe mkononi.

Nilipiga magoti. "Mama, nitukane. Nilaani. Ni mimi."

"Nilikwisha kukusamehe, mwanangu, nawe ulikuwepo. Nikutukane kwa lipi tena?"

"Kwa hili, mama!"

 Alilowesha wembe kwenye beseni.

"Njoo umshike kichwa nimnyoe," alisema. "Huwa anashtuka."

Nilikishika. Kilikuwa cha moto, na hakikuacha kutikisika mikononi mwangu.