Picha ya Fuvu Langu na Posa ya Mdogo Wangu

Nilizaliwa na sikoseli. Kufikia darasa la tano paji la uso wangu lilikuwa limetokeza kiasi kwamba wenzangu shuleni waliniita komwe. Mdogo wangu wa kike, tuliyefuatana naye, alichukua sura ya mama. Siku nilizolala nikiugulia maumivu ya viungo, yeye alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimpenda, lakini aliposimama mbele ya kioo nilitafuta sababu ya kutoka chumbani.

Nilipokua nikawa fundi cherehani hapa Nangara, maana ni kazi ya kukaa. Mwalimu mmoja wa Singe akaanza kuniletea suruali za kupunguza. Alileta ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mazungumzo yakawa marefu kuliko kazi yenyewe. Nikawa nafunga kitambaa kichwani mpaka karibu na nyusi. Jumamosi moja mdogo wangu aliniletea chakula cha mchana, na mwalimu akainuka kumpisha kwenye benchi. Baada ya hapo suruali hazikuja tena. Miezi michache baadaye alikuja mwenyewe nyumbani, na wajomba zake, kuleta posa ya mdogo wangu.

Muda si mrefu kichwa kikaanza kuniuma mfululizo. Wachumba hao wawili ndio walionisindikiza hospitali. Mwalimu alibaki nje, mdogo wangu akaingia nami. Daktari aliiweka picha ya eksirei ya fuvu kwenye taa.

"Hapa mfupa ulipaswa kuwa mwembamba," alisema. "Wako umenenepa, na hivi vistari vimesimama kama nywele. Damu yako inaharibika haraka, kwa hiyo uboho ndani ya mfupa unatengeneza nyingine bila kupumzika. Unatafuta nafasi, unausukuma mfupa."

Maumivu, alisema, yalitokana na kupungukiwa damu; ningeongezewa. Kisha akamgeukia mdogo wangu. Alimwambia huenda amebeba sikoseli bila kuumwa, na akiolewa na mtu aliyeibeba pia, wanaweza kupata mtoto mgonjwa.

Mdogo wangu alipokwenda kuchukua dawa, nilibaki na mwalimu kwenye benchi. Nikaitoa picha kwenye bahasha, nikaielekeza dirishani.

"Shemeji, angalia. Hii ndiyo damu ya kwetu. Watoto wenu watakuwa hivi."

Daktari alikuwa amesema "wanaweza". Mimi nilisema "watakuwa". Aliinuka, akaenda kusimama mlangoni, na nikafurahi.

Jumapili mbili hakuonekana. Mdogo wangu alilia huku akiosha vyombo, nami nikamuuliza ana nini. Jumapili ya tatu mwalimu alikuja na karatasi: alikwenda kupima, hana. Mdogo wangu naye akapima, akakutwa ameibeba. Kwa kuwa aliyeibeba ni mmoja tu, daktari aliwaambia watoto wao hawataugua.

"Kama si dada, tungeoana bila kujua," mwalimu alimwambia mama. Siku ya kupokea mahari mama alinisifu mbele ya wageni wote. Nilitazama sakafu, wakadhani naona aibu ya kusifiwa.

Gauni la send-off nililishona mimi. Siku ya kujaribisha nilipiga magoti kumkunjia pindo, nikamwambia, "Sikumwonyesha ile picha kwa wema. Nilitaka akuache."

Alijigeuza kidogo mbele ya kioo.

"Nilijua," alisema. "Alinieleza ulivyosema. Nami nilikuwepo daktari alipoongea."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungesema nini?" Akainua mkono. "Kwapa la kulia linabana, dada."

Nikalifumua, nikaliongeza.

Sasa wana binti wa miaka miwili, na wanaishi Singe. Wakija, mtoto ananikimbilia mimi kwanza. Nampakata, namwimbia. Kisha baba yake anaingia, anamwita mke wake kwa sauti ya chini, na mimi naona ni afadhali nimrudishe mtoto, nirudi kwenye cherehani hata kama hakuna kazi.