Joka la Kucha Tano

Naikumbuka mpaka leo, mwanangu, siku tuliyokwenda kumtazama shangazi yangu Zuwena alipokuwa mgonjwa hapa Ibra. Nilikuwa msichana, sijaolewa bado. Baba aliendesha gari kutoka Nizwa, nami nimepakata sahani kubwa ya Kichina, imefungwa kwa shuka.

Sahani hiyo ilikuwa ya bibi yangu, mama yao Baba na shangazi. Alikuja nayo kutoka Unguja, alipohamia huku ng'ambo. Katikati limechorwa joka la buluu, limejipindapinda mawinguni. Kila Idi Bibi akipakua humo bokoboko la ngano na nyama, na wanawe wakila pamoja mpaka joka litokeze chini ya samli. Sisi watoto tukilingojea kwa hamu.

Bibi alipofariki, muuza vitu vya kale mmoja pale Nizwa aliitazama sahani ile, akahesabu kucha za joka. "Tano kila mguu," akasema. "Hili ni joka la mfalme wa China mwenyewe. Wengine hawakuruhusiwa kuwa nalo. Hii ni mali."

Maneno hayo ndiyo yaliyotuvunjia nyumba. Baba aliifungia sahani kabatini. Shangazi akasema ni haki yake, maana yeye ndiye aliyemuuguza mama yao. Wakanuniana miaka. Idi ikija, kila mtu anakula kwake.

Basi siku hiyo tukaingia. Shangazi amelala, amekonda, macho tu ndiyo yaliyobaki.

"Shikamoo, shangazi."

"Marhaba, mwanangu," aliitikia kwa taabu.

Baba akafungua shuka, akaiweka sahani ubavuni mwake. "Zuwena, nimekuletea. Ni yako."

Shangazi hakuitazama. Alimtazama yeye. "Nitakula nini humo sasa, Seif? Hata maji hayapiti. Ungekuja mikono mitupu mwaka ule ule tuliokosana, ningekupokea."

Baba akapiga magoti, akaulaza uso kwenye kiganja cha dada yake. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo. Shangazi akampapasa kichwa. "Nishakusamehe. Na wewe nisamehe."

Hakumaliza wiki.

Mwanangu, sikwambii uvidharau vitu vya wazee wako, vitunze. Lakini ukiambiwa kitu chako kina thamani kubwa, watazame kwanza wale unaokula nao. Na ukikosana na nduguyo, mwendee angali ana nguvu za kukugombeza. Mungu akupe umri mrefu, akujaalie moyo mwepesi wa kuomba radhi, na asikukutanishe na nduguyo kwa kuchelewa.